Samaki mwenye kinywa cha chuku

Wasomaji wengi wa Pwani waijua chuku. Ni pembe iliyotobolewa nchani. Mwumishi huiweka juu ya ngozi aliyoitoja kwa wembe, akavuta pumzi kwa kinywa chake, akaziba tundu kwa nta, na damu ikaja juu yenyewe. Tiba hii ni kongwe, na vijana wetu wa leo wameirudia kwa vikombe vya kioo na plastiki, wakaiita kwa jina lake la Kiarabu, hijama. Basi mfikirie samaki ambaye kichwa chake kizima ni chuku, naye haumiki kwa ajili ya kuponya mtu.

Waingereza humwita lamprey, nasi tumwite lamprei kwa kuwa Kiswahili hakina jina lake. Nilipomsimulia habari zake mzee mmoja mvuvi wa Mji wa Kale, Mombasa, alifikiri kidogo akasema, “Huyo ni mkunga chuku.” Sijapata jina zuri kuliko hilo, na lau ningalikuwa na mamlaka ya kamusi ningalilitia. Mataifa mengine nayo yalihangaika kumpa jina. Jina lake la kitaalamu, lililoundwa kwa Kigiriki, maana yake ni mnyonya mawe, na sababu yake tutaiona mbele.

Umbo lake kweli ni la mkunga: mrefu, mwembamba, mwenye utelezi, hana hata gamba moja. Mapezi ya ubavuni hana. Mfupa hana, kiunzi chake chote ni gegedu, kama sikio la mtu. Pua yake ni tundu moja tu juu ya kichwa, na kila upande wa shingo ana matundu saba ya kupumulia, yamepangwa mstari mfano wa matundu ya zumari. Lakini ajabu yake hasa ni kinywa. Hana taya la juu wala la chini. Kinywa ni duara, na ndani ya duara hilo meno makali ya manjano yamejipanga safu kwa safu, na katikati pana ulimi wenye makali kama mbuzi ya kukunia nazi. Hujibandika ubavuni mwa samaki mwenziwe, akavuta mpaka ameshika barabara, akakuna ngozi kwa ule ulimi mpaka nyama imefunuka, kisha akatia mate ambayo huizuia damu isigande. Hapo hunywa bila ya haraka, siku kadha, pengine wiki kadha, hata ashibe au mwenyeji wake afe.

Msimdhanie kuwa ni chazo. Chazo twamjua, yule ajigandamizaye kwa utosi wake chini ya papa na kusafiri naye bure. Na wavuvi wa kaskazini, Wabajuni hasa, walikuwa wakimfunga chazo kwa kamba na kumtumia kuvulia kasa, zamani kabla ya sheria kumkataza kasa. Chazo ni abiria asiyelipa nauli. Lamprei ni abiria amlaye nahodha.

Katika maji yetu ya joto hayumo, alhamdulillahi. Kwao ni bahari ya Atlantiki, pwani za Ulaya na za Amerika ya Kaskazini, na huko amekaa dahari nyingi. Jamaa yake ni miongoni mwa viumbe wa kale mno walio hai. Mwaka 2006 wataalamu walieleza habari za lamprei aliyegeuka jiwe, aliyepatikana Afrika ya Kusini, wa tangu miaka milioni 360 hivi iliyopita, naye kinywa chake ni kile kile cha duara. Kabla ya mijusi wakubwa tuwaonao katika vitabu vya watoto, chuku ilikwisha kuwapo majini.

Habari ninayotaka kuieleza leo, hata hivyo, si ya bahari. Ni ya maji matamu.

KIZUIZI

Sisi tuliopitia chuoni twakumbuka namna Kurani itajavyo maji mawili, tamu na chumvi, na kizuizi kilichowekwa baina yao. Amerika ya Kaskazini yako maziwa matano makubwa yaliyoungana: Superior, Michigan, Huron, Erie na Ontario. Yamo baina ya Marekani na Kanada, ila Michigan ambalo lote ni la Marekani. Huwa na kama moja ya tano ya maji matamu yasiyoganda yaliyo juu ya uso wa dunia. Superior peke yake lina kilomita za mraba 82,000 hivi, nalo ndilo la kwanza duniani kwa upana wa maji matamu. La pili ni letu, Victoria. Maji yake hushuka kutoka ziwa moja hadi jingine, kutoka Superior hata Ontario, na kutoka hapo hufuata mto St. Lawrence mpaka bahari ya Atlantiki. Na baina ya Erie na Ontario, maji yote hayo huanguka kwa kishindo zaidi ya mita 50. Hayo ndiyo maporomoko ya Niagara.

Samaki awaye yote atokaye baharini, akipanda mto kwa nguvu zake zote, alikomea chini ya Niagara. Lamprei aliandikwa kuonekana katika ziwa Ontario mwaka 1835, na hata leo wataalamu wanabishana kama aliingia humo kwa mifereji ya watu au alikuwamo tangu zamani. Wasichobishana ni kwamba juu ya maporomoko hakuwamo. Maziwa manne ya juu yalikuwa na samaki wao, na mwuaji wa namna hii hawakupata kumwona.

Mwaka 1829 ulifunguliwa mfereji wa Welland, ulioyazunguka maporomoko kwa upande wa Kanada. Mwenye fikira hiyo alikuwa mfanyabiashara aitwaye William Hamilton Merritt. Chombo huingia katika chumba cha maji, mlango hufungwa nyuma yake, maji hujazwa, nacho hupanda kama mtu apandaye ngazi, chumba hadi chumba, hata kimefika juu. Nani angemlaumu? Ngano na mbao zilipata njia, miji ikakua, na mji usio na bandari ukawa nayo. Mfereji ulipanuliwa na kuchimbwa upya mara kadha, na mapema katika karne ya 20 ulifanyiwa kazi kubwa zaidi. Mwaka 1921 lamprei akaonekana katika ziwa Erie.

Erie hakustawi sana. Maji yake ni ya vuguvugu na mito yake haikumpendeza. Lakini Erie lilikuwa ni ukumbi tu. Mwaka 1936 alionekana Michigan, 1937 Huron, 1938 Superior. Miaka 17 tu kutoka ukumbini hata chumba cha ndani kabisa.

NYAVU

Mfalme wa samaki wa maziwa hayo alikuwa trauti wa ziwa. Wasomaji wa bara wamjua trauti kwa wale ambao Wazungu waliwatia katika mito ya baridi ya Mlima Kenya na Aberdare tangu mwanzo wa karne iliyopita. Huyu wa ziwa ni wa ukoo wao, ila ni mkubwa zaidi, hukua polepole, na hukaa kilindini. Kwa yeye na kwa samaki mweupe waliishi wavuvi wa bandari ndogo ndogo za pande zote mbili za mpaka, Wazungu waliohamia huko na wenyeji wa asili, Waojibwe na Waodawa, ambao uvuvi kwao ulikuwa ni chakula, biashara na mila kwa pamoja, kama ulivyo kwa watu wa Vanga au Faza.

Kabla ya lamprei kushamiri, nchi hizo mbili zilikuwa zikivua katika maziwa ya juu kiasi cha ratili milioni 15 za trauti kila mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mavuno yalikuwa yameshuka hata ratili 300,000 hivi. Maana yake, aliyekuwa akipata ratili 50 sasa alipata ratili moja. Katika Michigan na karibu Huron lote, trauti wa ziwa alitoweka kabisa. Wakati ule ambapo lamprei walikuwa wamejaa mno, hata samaki waliosalimika, katika kila 100 kama 85 walikuwa na kovu la duara ubavuni. Na samaki mwenye donda, mchuuzi gani atamnunua?

Lazima niseme kwamba lamprei hakuwa peke yake. Nyavu nazo zilikuwa nyingi, na mahali pengine trauti alikuwa amekwisha kuanza kupungua kabla ya mgeni kufika. Lakini samaki aliyepungua kwa nyavu huweza kurudi nyavu zikipumzika. Hapa nyavu zilianikwa, na samaki hakurudi.

Mtu aweza kuuliza, mbona katika Atlantiki lamprei haangamizi samaki? Huko samaki wengi ni wakubwa, nao na yeye wamezoeana kwa miaka isiyohesabika. Humnyonya, akashiba, akamwacha, naye akaendelea na safari zake, kama ng'ombe aendeleavyo na kupe. Katika maziwa alikuta samaki wadogo zaidi ambao hawakupata kuzoezwa naye. Katika hali nyingine, samaki saba wakishambuliwa huokoka mmoja tu. Lamprei mmoja, katika maisha yake ya unyonyaji, huweza kuua ratili 40 za samaki na zaidi.

Serikali zilikuwa wapi? Zilikuwa zikibishana. Kwa nusu karne Marekani na Kanada hazikuafikiana juu ya uvuvi wa maziwa yale, kila jimbo likilinda mamlaka yake lisiambiwe na jirani. Kilichowakutanisha ni lamprei. Mwaka 1954 walitia sahihi mkataba, na mwaka uliofuata ikaanza kazi Tume ya Uvuvi wa Maziwa Makuu, ambayo makao yake yako Ann Arbor, Michigan. Kisicho na taya kiliwafunga wenye taya, wakanyamaza, wakafanya kazi.

CHUPA ELFU SITA

Kumpiga adui ziwani kulikuwa hakuwezekani. Ziwa ni bahari. Bwana mmoja mchunguzi, Vernon Applegate, alikuwa ameyafuata maisha ya lamprei katika mito ya kaskazini ya Michigan, akaandika kila alichoona, na katika maandishi yake ya mwaka 1950 ndimo ulimopatikana ufunguo wa jambo.

Majira ya baridi yakiisha, lamprei aliyekomaa huacha kula, akapanda mtoni. Harudi lazima mto aliozaliwa. Hufuata harufu ya wadogo wa jinsi yake waliomo majini. Dume na jike hujenga kiota kwa kokoto na mawe, wakiyabeba moja moja kwa kile kinywa cha kunyonya, na hiyo ndiyo sababu ya kuitwa mnyonya mawe. Jike huweza kutaga hata mayai 100,000. Wakiisha kutaga, wote wawili hufa. Watoto wake hawamfanani hata kidogo: hawaoni, hawana meno, hawamdhuru mtu wala samaki. Hujichimbia katika matope ya mtoni, wakawa wanachuja vitu vidogo vidogo vipitavyo na maji, na hukaa hivyo miaka mitatu, miaka kumi, pengine zaidi. Kisha siku zao zikitimia hugeuka: macho hutoka, kinywa huwa duara, meno huota. Hapo huteremka ziwani kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi kufanya yale tuliyoyaeleza.

Kwa hivyo katika umri wake wote, sehemu kubwa yumo mtoni, kipofu, matopeni, mahali pajulikanapo. Hapo ndipo pa kumshika.

Kwanza walijenga vizuizi na mitego mitoni, hata vizuizi vya umeme. Havikutosha. Wakaamua kutafuta dawa itakayomwua yeye na kuwaacha wengine, jambo ambalo, msomaji, lilikuwa kama kutafuta sumu itakayomwua panya ghalani na paka akainywa akalala salama. Kituo chao kilikuwa Hammond Bay, kando ya ziwa Huron, katika jengo ambalo zamani lilikuwa la waokoaji wa majini. Kazi yenyewe haikuwa na fahari. Chupa ya kioo yenye maji, ndani yake viluwiluwi vya lamprei pamoja na samaki wadogo wa kawaida, tone la dawa, kungoja, kutazama nani kafa. Wote wamekufa, dawa hii haifai. Hakufa hata mmoja, haifai. Chupa nyingine. Walifanya hivyo kwa dawa zipatazo 6,000, miaka nenda miaka rudi, mpaka siku moja katika chupa moja lamprei wakafa na samaki wakabaki wakiogelea.

Kutokana na dawa hiyo walifikia nyingine iliyo bora zaidi, ambayo jina lake refu wamelifupisha TFM. Mwaka 1958 ilitiwa mtoni kwa mara ya kwanza. Siri yake ni katika ini. Samaki wengi huigeuza sumu ile mwilini mwao na kuitoa. Lamprei, kwa ukongwe wa umbile lake, hana uwezo huo wa kutosha. Kwa dawa hiyo, na vizuizi, na mitego, lamprei wamepunguzwa kwa kiasi cha 90 katika 100 katika sehemu nyingi za maziwa.

Kuna dawa ya pili ambayo watu wa kwetu yawahusu zaidi kuliko wanavyojua. Mto St. Marys, uunganishao Superior na Huron, ni mkubwa mno. Kuutia TFM mto mzima ni gharama isiyobebeka. Basi hutumia dawa nyingine iliyofanywa chembechembe ambazo huzama mpaka chini walipo viluwiluwi. Jina lake la kitaalamu ni niklosamaidi. Hii ndiyo dawa iliyotumika Misri na Sudan, na Afrika ya Mashariki pia, kuwaulia konokono wa kichocho. Na katika miaka ya 2010 ilinyunyizwa katika madimbwi na vijito vya Unguja na Pemba kwa shabaha hiyo hiyo. Na ni hiyo hiyo ambayo kwa miaka mingi wagonjwa wamepewa vidonge vyake kutoa tegu tumboni. Konokono wa Pemba, tegu wa tumboni, na mkunga chuku wa Kanada, wote dawa moja.

Sitasema kwamba dawa hizi hazina lawama. TFM ikizidi kipimo, au maji yakibadilika tabia, samaki wengine hufa. Wako wanyama wa maji wa jamaa ya vyura, wenye mikia, ambao haiwapendezi kabisa, na watoto wa samaki mkubwa wa kale aitwaye sturjoni nao ni dhaifu mbele yake. Aidha maziwa yale yana lamprei wao wa asili, wadogo, ambao wengine wao hawanyonyi mtu hata siku moja. Nao hufa pamoja na mgeni, kwa kuwa ini lao ni moja. Hukumu huwapitia kwa kosa la binamu.

WALIOKUJA NYUMA YAKE

Trauti alipoondoka, nyumba ilibaki bila ya bwana. Samaki mdogo wa jamaa ya simu, ambaye naye asili yake ni ya baharini na aliingia kwa njia za maji zile zile, akakuta hakuna wa kumla. Akazaana mpaka ziwa Michigan likamshinda. Mwaka 1967 walikufa kwa wingi usio na mfano, wakatupwa pwani lundo kwa lundo, na mji wa Chicago ukawa unazoa mizoga ufukweni kwa matrekta.

Jimbo la Michigan, chini ya mkuu wake wa uvuvi Howard Tanner, lilikuwa limeanza mwaka uliotangulia kutia ziwani samoni wa bahari ya Pasifiki ili wawale wadogo hao. Samoni wakanenepa, na kutoka miji yote watu wakaja na mishipi yao, mahoteli yakajaa, na watengenezaji wa mashua wakatajirika. Kwa hesabu za Tume, uvuvi wa maziwa hayo leo una thamani ya zaidi ya dola bilioni 5 kwa mwaka, na sehemu kubwa ni ya hawa wavuao kwa kujifurahisha.

Lakini mvuvi wa wavu? Alikuwa ameshinda miaka 20 akingoja trauti arudi, na sasa aliambiwa kwamba ziwa ni la mshipi. Wavu wake ukawekewa sheria juu ya sheria. Lamprei alimnyang'anya samaki, na waliomshinda lamprei wakamnyang'anya ziwa. Wavuvi wetu ambao njia zao za kuteremkia pwani zimezibwa na kuta za mahoteli hawatahitaji kuelezwa zaidi. Waodawa na Waojibwe wa Michigan hawakukubali. Walishika mkataba ambao wazee wao waliufanya na serikali mwaka 1836, wakaenda nao mahakamani, na mwaka 1979 hakimu Noel Fox akaamua kwamba haki yao ya kuvua katika maziwa haikuuzwa pamoja na ardhi. Uamuzi huo ulileta matusi na hata nyavu kukatwa usiku, lakini ulisimama.

Najua wapo watakaoniuliza: analiwa? Huko Ulaya analiwa, tena ni wa tunu. Yasimuliwa kwamba Mfalme Henry wa Kwanza wa Uingereza alikufa mwaka 1135 kwa kumla kupita kiasi. Mji wa Gloucester una ada ya zamani ya kumpelekea mfalme mkate wa lamprei, lakini mito ya Uingereza imempungukia, na mwaka 2012, Malkia Elizabeth alipotimiza miaka 60 ya kutawala, Gloucester uliletewa lamprei kutoka Maziwa Makuu ya Amerika. Adui wa huku alikuwa zawadi kule. Wareno wa kaskazini humpika kwa wali pamoja na damu yake mwenyewe, na hapo msomaji wetu mlango wafungwa, kwani hukumu ya damu yajulikana hata na mtoto wa juzuu ya kwanza. Ama lamprei mwenyewe bila ya damu, katika madhehebu yetu ya Kishafi aishiye majini mlango wake ni mpana, lakini hukumu ni ya masheikh na si ya gazeti. Na kwa wale wa maziwani haja ya fatwa haipo: wana zebaki nyingi mwilini, hata wenyeji wenyewe hawawali.

Mkenya hawezi kusoma habari hizi asikumbuke sangara wa Victoria, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na kufikia miaka ya 1980 akawa amewameza fulu wa jinsi nyingi ambao hawakuwapo pengine popote duniani. Tofauti ipo. Sangara aliletwa kwa makusudi, naye alileta fedha, viwanda na ndege za kuchukua minofu hata Ulaya, ingawa mama wa Kisumu akabakiwa na vichwa na mifupa ya kukaanga. Lamprei hakuletwa na mtu na hakumletea mtu kitu. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, ilikuwa rahisi kwao kumchukia kwa umoja na kumtolea fedha miaka zaidi ya 60 bila ya kuchoka. Adui mwenye faida hana wa kumpiga vita.

Novemba 2024 Tume ilitangaza kwamba trauti wa ziwa amerudi katika hali yake karibu Superior lote, anazaana mwenyewe bila ya kutiwa na watu. Ilichukua karibu miaka 70. Katika Huron ameanza kurudi vizuri. Katika Michigan bado kazi ni ndefu.

Ushindi wenyewe si wa kulalia. Mwaka 2020, janga la korona lilipowafungia watu majumbani, wafanyakazi waliweza kutia dawa katika kama robo tu ya mito iliyopangwa, na 2021 kama robo tatu. Miaka iliyofuata hesabu zikaonyesha lamprei wamezidi kupita kiwango kilichowekwa. Misimu miwili tu ya kulegea.

Na sasa liko jambo linalowagawa hata marafiki. Mito ile ina mabwawa mengi ya zamani, ya mashine za kusaga na kupasulia mbao, ambayo hayana kazi tena na yanaoza. Wapenda mito wanataka yavunjwe, sturjoni na samaki wengine wapate kupanda kwenda kutaga kama walivyokuwa wakipanda zamani, na hoja yao ni ya haki. Lakini bwawa bovu lile lile ndilo limzuialo lamprei asifike kwenye changarawe nzuri za juu. Ukilivunja, umemfungulia sturjoni, na umemfungulia na mwenziwe.

Katika mji wa Traverse City, Michigan, kwenye mto Boardman ambao wenyeji wa asili huuita Ottaway, wameanza mwaka 2024, baada ya kesi iliyoichelewesha kazi, kujenga njia ya samaki yenye kuchagua. Watajaribu humo kila hila: mwendo wa maji, mwanga, sauti, umbo la samaki na namna aogeleavyo, wapate kumpitisha atakiwaye na kumrudisha asiyetakiwa. Mpaka lango hilo lithibitike, wafanyakazi wa nchi mbili hushinda mitoni kila mwaka, tangu barafu iyeyukapo hata majani yapukutikapo, wakipima maji na kuidondosha ile TFM kwa saa 12 mfululizo, mto baada ya mto. Mito na vijito vinavyojulikana kumzaa lamprei ni zaidi ya 400.